Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kusikiliza Chini ya Kilohezi 500

Wanachama wenzangu wa chama cha redio za ridhaa, sisi tunaosikiliza na kurusha kwa kupenda na si kwa biashara, asalaam aleikum, na wa salamu nyingine hamjambo.

Nianze na yaliyo mepesi. Ada wengi wamelipa, na ambao hawajalipa wanajijua. Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe, mimi siziingilii. Darasa la alama za Morsi liliendelea vizuri hadi Ramadhani, likasimama, na lilipofunguliwa baada ya Idi viti vilikuwa vitupu zaidi kuliko nilivyotarajia. Mwenzetu mmoja ametangulia mbele ya haki. Familia yake imetukabidhi kii yake ya Morsi, ile swichi ya kugongea alama, nayo iko kabatini kwa atakayeitumia, si kwa maonyesho.

Sasa lile lililotukosesha usingizi: mawimbi marefu, yaliyo chini ya kilohezi 500.

Swali lilianza kwa vijana walionunua redio za kisasa. Kitabu cha maelezo kinasema redio inapokea kuanzia kilohezi 30, mbona chini ya 500 hakuna ila mvumo? Jibu ni kwamba redio hizi zimeundwa kwa mawimbi mafupi. Zungusha hadi 30 na kioo kitakuonyesha 30, lakini tazama jedwali la usikivu humo humo kitabuni: mara nyingi linaanzia 500 kwenda juu. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi kitu. Vichujio na transfoma ndogo za mlangoni mwa redio huyabana masafa ya chini, na stesheni zenye nguvu za mawimbi ya kati zikiingia kwa pamoja, redio inazidiwa na kuzaa sauti mahali zisipokuwa. Ukisikia taarabu kwenye kilohezi 200, usikimbilie kuandika daftarini kwamba umepata stesheni. Hiyo ni redio yako inaota.

Likaja suala la antena. Kwa mfano, kwenye kilohezi 198 wimbi moja lina urefu wa kilomita moja na nusu. Robo yake tu inakaribia mita 380, na Kibokoni, hapa kwetu Mombasa, hakuna paa la kukubeba hadi huko, wala jirani wa kukuvumilia. Lakini kwa kupokea hatuhitaji urefu huo. Huku chini kelele za anga ni nyingi kiasi kwamba waya mfupi nao unazileta za kutosha. Kinachotakiwa ni kuipa redio sauti ya stesheni na kuinyima kelele, na kelele kubwa kuliko zote si ya radi. Ni ya nyumba zetu.

Hili tulilithibitisha Tudor, nyumbani kwa mwanachama mmoja. Redio iliwekwa kwenye betri, kisha tukazima vitu kimoja kimoja. Chaja ya simu ilipochomolewa, mistari kadhaa ikatoweka kwenye kioo. Taa za ledi za sebuleni zilipozimwa, mvumo ukashuka. Kidhibiti cha sola juu ya paa ndicho kilichotushangaza: mchana kilikuwa kimefunika kila kitu kuanzia 100 hadi 400, na usiku kikanyamaza chenyewe. Mwisho tukazima swichi kuu. Ikabaki kelele ya nyumba ya pili, na hiyo hatuna mamlaka nayo.

Hapo ndipo antena ya kitanzi ilipotuokoa. Ni fremu ya mbao ya msalaba, kila upande kama mita moja, imezungushwa duru ishirini hivi za waya wa shaba wanaotumia mafundi wa kusuka mota. Kapasita ya kuzungusha, inayokilenga kitanzi kwenye masafa tunayoyataka, tuliitoa kwenye redio ya zamani, ile yenye vyumba viwili, tukaviunganisha pamoja. Duru moja ya pembeni, isiyogusana na zile nyingine, ndiyo inayopeleka sauti redioni kwa kebo. Inatosha kwa 198 na 252. Kwa 153 ilibidi tuongeze kapasita ndogo ya kudumu. Ukingo wa kitanzi ukiuelekeza kwenye stesheni unasikia, uso wake ukiuelekeza huko unapoteza. Kwa hiyo hatukigeuzi kutafuta stesheni, tunakigeuza mpaka nyumba yenye kelele ipotee, na stesheni tunaridhika nayo ilivyo.

Kwenye ua mmoja kule Mtwapa, mbali na nguzo za umeme, msimu wa kaskazi, kati ya saa tatu usiku na alfajiri, ndipo tulipopata kitu. Algeria kwenye 252 inatangaza kwa Kifaransa kutoka karibu kilomita 6,000. Ilipanda, ikashuka, ikazama, kisha ikarudi na muziki. Romania kwenye 153 ilionekana kama mstari kwenye kioo muda mrefu kuliko ilivyosikika, na anayedai ameelewa neno namwachia yeye na Mola wake. Mvua za masika zilipoanza, radi zikafunga mlango.

Nasisitiza tusikilize sasa kwa sababu stesheni hizi zinaondoka. Ufaransa ilinyamazisha vipindi vyake vya 162 mwishoni mwa 2016, mtambo ukabaki kurusha alama za saa. Luxembourg ilizima 234 mwanzoni mwa 2023, na Aprili mwaka huo Ireland ikaondoka kwenye 252. Algeria iliyokuwa ikigombana nayo hewani imebaki na uwanja, na hilo limetusaidia sana sisi wa huku. Wazee wanaokumbuka Sauti ya Mvita, redio yetu ya zamani ya Mombasa, hawahitaji kuelezwa maana ya stesheni kunyamaza.

Kuna waliotaka chama kinunue redio mpya ghali kwa kazi hii. Nilipinga kwenye kamati, na napinga hapa. Redio tuliyonayo inatosha. Kinachokosekana ni kichujio cha kuzuia mawimbi ya kati kabla hayajaingia redioni, kebo nzuri, na viunganishi visivyoliwa na chumvi ya bahari. Naomba mkutano uidhinishe fedha za vitu hivyo vitatu, na redio mpya isubiri.

Kwa wanaouliza kama tunaweza kurusha huku chini: ndiyo, kimataifa masafa ya kilohezi 135.7 hadi 137.8 yametengewa redio za ridhaa tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007, na 472 hadi 479 tangu ule wa 2012. Lakini leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayokuruhusu au kukukataza. Isome kwanza. Na unapounganisha kitanzi kwenye redio inayorusha, chomoa maikrofoni na kii, shusha nguvu hadi chini kabisa. Nyingi ya redio hizi zina tundu moja tu la antena, na kidole kikiteleza, kapasita ya miaka sitini itapiga cheche na hatuna nyingine.

Mwaka ujao nataka tujaribu kukisikia kituo cha Grimeton, Sweden, kwenye kilohezi 17.2. Ni mtambo unaozalisha mawimbi kwa mashine ya kuzunguka, wa miaka ya 1920, ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2004, na kwa kawaida huwashwa mkesha wa Krismasi. Hapo redio zetu hazifiki. Itabidi koili iingie moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya kompyuta, na anayejua programu hizo ajitokeze leo kabla ya chai.

Kitanzi cha chama kiko kwa katibu. Anayekitaka aandike jina na siku ya kukirudisha, na kapasita irudi pamoja nacho.