Mnunuzi apewe nafasi ya kuchagua matairi kabla gari halijatoka yadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wauzaji wa magari mapya pamoja na wanunuzi wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Mnunuzi huulizwa rangi na aina ya viti, lakini matairi hukabidhiwa kama yalivyotoka kiwandani. Asiyeridhika nayo hununua mengine kwa bei kamili, kisha yale yaliyokuja na gari, yakiwa bado mapya, huyauza kwa fundi kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo haina sababu.

Kiwanda hakikosei kinapochagua. Huzingatia ulaji mdogo wa mafuta, utulivu ndani ya gari na gharama, na kwa hiyo mara nyingi hufunga tairi jepesi linalofaa lami nzuri. Kwa mkazi wa mjini linatosha kabisa. Lakini kwa anayepanda kila siku kwenda vijiji vya Rungwe au Makete wakati wa masika, kashata zake fupi, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa ardhi, hujaa tope na kuacha kushika, hata gari likiwa linavuta kwa magurudumu yote manne.

Wala sisemi kwamba kila mtu abadili. Anayesafiri kwa lami kati ya Mbeya na Morogoro hana haja ya tairi la kashata kubwa, ambalo huvuma, huongeza ulaji wa mafuta na, kwa aina nyingi, hushika lami iliyolowa kwa udhaifu kuliko tairi la kawaida. Katika mteremko wa Kitonga, mvua ikinyesha na malori yakiwa mbele na nyuma, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Anayeamua kubadili asome kwanza kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachotaja saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Tuseme pikapu imekuja na 265/65R17 112S: namba 112 ina maana kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 1,120, na herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tairi mbadala lisiwe chini ya viwango hivyo, hasa kwa wenzetu wanaobeba viazi na mbolea. Wapo wanaopenda kuinua gari kwa kufunga 265/70R17, ambalo kipenyo chake huzidi kwa takribani milimita 26; hapo mshale wa mwendo ukisoma palepale, gari linakwenda kwa kasi zaidi ya awali kwa asilimia tatu hivi, na tairi linaweza kukwaruza bodi usukani unapokatwa hadi mwisho. Pia zitazamwe tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 1024 ni wiki ya 10 ya mwaka 2024. Gari jipya lililokaa yadi muda mrefu lina matairi yaliyozeeka pamoja nalo.

Ninachoomba kwa wauzaji ni hiki: mnunuzi anapoweka oda, aonyeshwe aina ya matairi, aruhusiwe kubadilishiwa yote matano, pamoja na la akiba, kwa kulipa tofauti ya bei tu, na aandikiwe kwenye ankara kwamba dhamana ya gari inabaki palepale.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya