Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: bei ya mafuta ikishuka, fundi wa Nzega naye atazamwe

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Yah: Hali ya mafundi wa sekta ya nishati bei ya mafuta inaposhuka

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Nzega, mkoani Tabora, nikiwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Jambo linalonisukuma ni moja. Bei ya mafuta inaposhuka katika soko la dunia, nchi yetu huitazama kupitia pampu ya kituo cha mafuta peke yake, na yule mtu ambaye riziki yake iko ndani ya sekta hiyo hiyo ya nishati hatazamwi na yeyote.

Sisemi kwamba pampu si kitu. Petroli na dizeli yote tunayotumia inaagizwa kutoka nje, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, vijana wa bodaboda wanaoegesha karibu na karakana yangu huwa wameshaisoma kwenye simu kabla sijafungua mlango. Mwaka 2022 bei zilipopaa baada ya vita kuanza Ukraine, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili mwezi Juni upitike, na ilifanya vema. Bei ikipanda, nchi nzima inakaa kikao. Ikishuka hakuna anayeitisha kikao, kwa kuwa inaonekana kila mtu amepata nafuu.

Kaka yangu hakupata nafuu. Alikwenda Mtwara mwaka 2012, wakati meli za kuchimba visima vya gesi zilipokuwa bahari kuu na wenye nyumba mjini wakipandisha kodi kila baada ya miezi michache. Aliajiriwa na kampuni moja iliyohudumia meli hizo, katika yadi ya kupakia mabomba na vifaa vya uchorongaji. Juni 2014 pipa la mafuta ghafi ya Brent, ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, liliuzwa kwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Kati ya tarehe hizo mbili kaka yangu alirudi Nzega na begi moja, kofia ngumu, na karatasi iliyosema kwamba mkataba wake umefika mwisho. Mtu huyu alikuwa amejifunza kumwongoza mwendesha kreni kwa ishara za mikono, akishusha mzigo wa tani ishirini bila kugusa ukingo wa gari, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyeumia katika zamu yake. Karatasi ile haikusema hata neno moja juu ya hayo. Leo analima mpunga, na analima vizuri, lakini kila ninapomwona akisimama kwenye jaruba na kunyoosha mkono kumwelekeza kijana wa trekta, ninaona ujuzi ambao taifa hili liliupata kwa gharama na kuuacha upotee kama maji kwenye mchanga.

Sasa mradi umekuja mlangoni kwetu. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, zikipita katika mikoa minane, wetu ukiwamo. Pale Sojo, katika wilaya yetu hii, kilijengwa kiwanda cha kuvisha mabomba tabaka la kutunza joto, kilichozinduliwa Machi 2024, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo ni lazima yapashwe joto njia nzima hadi baharini. Kazi za bomba zimewafundisha vijana wa huku kupima unene wa tabaka kwa mashine, kusoma michoro, kuvaa vifaa vya kujikinga bila kusukumwa. Mama lishe wamejenga. Nyumba za kupanga zimeongezeka. Ninaushukuru mradi huu kwa dhati, na ndiyo maana nakuandikia kwa wasiwasi.

Nauli ya kusafirisha pipa moja katika bomba hilo imewekwa kuwa dola 12.77. Naomba, Mheshimiwa, tukae kidogo kwenye tarakimu hii, maana nimeikokotoa kwa chaki kwenye mlango wa karakana mara nyingi. Pipa likiuzwa dola 110, nauli hiyo ni kama asilimia 12 ya bei. Likiuzwa dola 60, inakuwa asilimia 21. Likishuka hadi dola 30, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2016, nauli peke yake inachukua zaidi ya asilimia 40, kabla mchimbaji hajalipia kisima, mishahara wala kodi. Nauli haishuki pamoja na bei. Sisi Watanzania, kupitia TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, yenye asilimia 15 ya hisa za kampuni ya bomba, tumekaa upande wa nauli, na upande huo una kinga. Mwenye mafuta ndiye anayebaki na hasara, naye ataibana pale inapobanika, yaani kwa mkandarasi. Mkandarasi atambana mkandarasi mdogo aliye chini yake. Na mkandarasi mdogo hana mwingine wa kumbana isipokuwa fundi.

Bomba hili lenyewe limekwisha kupitia dhoruba hiyo hata kabla halijafukiwa. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani yaitwayo WTI yalifunga soko yakiwa dola 37.63 chini ya sifuri, jambo ambalo nilipolisikia redioni nilidhani mtangazaji amekosea. Siku tatu baadaye kampuni ya mafuta ya Tullow ilitangaza kuiuzia kampuni ya Total hisa zake zote katika mafuta ya Uganda kwa dola milioni 575. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mradi huu ulikuja kufanyika tarehe 1 Februari 2022. Mwaka huo huo wa 2020 kampuni ya mafuta ya BP ilitangaza kuondoa watu wapatao 10,000 na Shell ikataja hadi 9,000. Februari 2025 Chevron nayo ilisema itapunguza hadi asilimia 20 ya wafanyakazi wake, na Aprili ya mwaka huo Brent ikagusa chini ya dola 60. Hao wote walihesabiwa na kutangazwa. Fundi wa mkandarasi mdogo akiondolewa kambini hatangazwi popote. Utajua tu kwamba ameondoka kwa sababu deni lake la chakula limebaki kwenye daftari la mama lishe.

Kuna watakaosema kwamba ujenzi wa bomba ni kazi yenye mwisho hata bei ikiwa juu angani. Ni kweli, na sisi wa Nzega tunalijua hilo kuliko wengi, kwani mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulianza kuzalisha mwishoni mwa 1998 na ukafungwa mwaka 2014. Lakini mgodi huisha kwa mawe kuisha, na mawe yanapoisha kila aliyemo shimoni anayaona yakipungua, anapata muda wa kujenga chumba cha biashara au kumhamisha mtoto shule ya karibu. Bei ya mafuta haipungui mbele ya macho ya fundi. Inaamuliwa Vienna na Riyadh, Houston na Beijing, na taarifa yake humfikia jioni moja mstarini, anapoambiwa kwamba kuanzia kesho asije.

Nimejaribu kutafuta sheria inayomshika mkono mtu huyu jioni hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa na kufanya mashauriano nao, na inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia. Ni sheria nzuri. Ila kiinua mgongo kinahitaji angalau miezi kumi na miwili ya kazi mfululizo, na hakilipwi kwa mtu ambaye mkataba wake umeisha muda. Mafundi wengi ninaowajua hufanya kazi kwa mikataba ya kazi maalumu, ya miezi mitatu, minne, sita, inayohuishwa kazi ikiwapo. Kwa hiyo bei inaposhuka hakuna haja ya kumpunguza mtu. Mkataba wake hauhuishwi, basi. Mashauriano hayafanyiki, kiinua mgongo hakipo, na kwenye vitabu inasomeka kwamba hakuna aliyepoteza kazi. Fao la kukosa ajira lililoletwa na mabadiliko ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 lina sharti la kuchangia miezi 18, na fundi anayekusanya miezi minne kwa huyu na mitano kwa yule, baadhi yao wakichelewa kupeleka michango, analiona fao hilo kama embe lililo kwenye tawi la juu.

Ombi langu la kwanza liko ndani ya mamlaka yako. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya petroli za mwaka 2017 zinawadai wakandarasi mpango wa ajira na mafunzo wanapoingia. Naomba mpango huo uongezewe sura ya kutoka. Mkandarasi aeleze mapema, kwa maandishi, atafanya nini kwa mafundi wake endapo kazi itapungua kwa sababu ya bei: atatoa taarifa ya siku ngapi, atahakikisha vipi michango yote imefika kwenye mfuko, na, hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, atamlipia kila fundi upimaji wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ili ujuzi alioupata kazini uandikwe kwenye cheti kinachotambulika kabla hajakabidhi kofia ngumu. Gharama ya cheti ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya bomba moja. Kaka yangu angekuwa nacho, asingekosa kazi kwenye ujenzi wa reli wala bandarini.

La pili linahusu sera kwa upana wake. Tozo nyingi zilizomo katika lita ya mafuta, ikiwamo ile inayoupa uhai Mfuko wa Nishati Vijijini, ni shilingi kadhaa zisizobadilika kwa kila lita, ziwe nyakati za bei ya juu au ya chini. Mantiki yangu ya fundi inaniambia kwamba mwaka wa bei ya chini ndio mwaka wa kuweka akiba: sehemu ndogo ya ile nafuu itengwe, bei ikiwa chini ya kiwango kitakachokubalika bungeni, iende kusambaza umeme vijijini kwa kuwatumia mafundi hawa hawa wanaorudi kutoka kambini. Najua neno tozo halipendwi, na mimi mwenyewe najaza petroli kwenye jenereta yangu umeme unapokatika. Lakini anayechomelea bomba la mafuta anaweza kuchomelea vyuma vya nguzo za msongo mkubwa, na anayejua kutandaza kebo ya kupasha joto hashindwi kufundishwa kutandaza ya umeme. Jirani zetu wa Kigoma wana mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Kazi za nishati zisizotegemea bei ya pipa zipo, ila hakuna daraja kati ya kambi moja na nyingine, na kila fundi anaogelea peke yake.

Ninaharakisha jambo hili kwa sababu mengine yanakuja. TPDC inatafiti mafuta katika kitalu cha Eyasi Wembere kinachogusa mkoa wetu, na mazungumzo ya mradi wa kuchakata gesi asilia Lindi yamechukua miaka. Januari 2021 kampuni ya mafuta ya Equinor ilifuta dola milioni 982 za thamani ya mradi huo katika vitabu vyake. Kama kampuni kubwa kiasi hicho inajiandalia siku ya bei mbaya, basi Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015, iliyoanzisha mfuko wa kutunza mapato ya kesho, inastahili kusomwa upya na kumtaja mtu anayeyazalisha.

Mheshimiwa, utakapopita barabara kuu kuelekea Mwanza, tafadhali simama Nzega. Usiwaite viongozi peke yao. Waombe mafundi waje na mikataba yao mikononi, uisome tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha katika kila karatasi, kisha uwaulize wangapi wana cheti cha kile wanachokifanya kila siku. Nitakuja na kaka yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kuchomelea,
Nzega, Tabora.