Kujipima kabla ya kuomba medisin Marekani

Baltimore, Marekani

Mdogo wangu Neema,

Salamu nyingi, na unifikishie shikamoo kwa baba na mama. Mama kanieleza kwenye simu kwamba unataka kuomba residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya magonjwa ya ndani, yaani medisin, huku, tena kwenye hospitali za vyuo vikuu zenye watafiti, na unauliza una nafasi kiasi gani.

Tuanze na mtihani. Leseni ya udaktari huku ina hatua tatu za mitihani, Step 1 hadi Step 3. Step 1 tangu Januari 2022 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo uzito umehamia Step 2 CK, mtihani wa maarifa ya kutibu wagonjwa. Tangu Julai 2025 alama ya kufaulu ni 218, na wastani wa wanafunzi wa vyuo vya Marekani ni takriban 250. Wewe unatoka nje, kwa hiyo lenga 255 na kuendelea. Usiingie hujawa tayari: kufeli mara moja kunabaki kwenye rekodi hata ukirudia ukapata 260, na programu nyingi huchuja waliofeli kabla hata mtu hajasoma ombi. Matokeo uwe nayo kabla ya mwisho wa Septemba, programu zinapoanza kusoma maombi.

Mtihani unakufikisha mlangoni. Anayekuingiza ndani ni mtu aliyekuona ukifanya kazi. Barua dhaifu husema: “Ni mchapakazi, anawahi, anaelewana na wenzake.” Hiyo hupitwa kwa sekunde. Barua nzito husema bingwa amekuwa nawe wodini wiki nne, kisha inamtaja mgonjwa: sodiamu ya damu 116, chini mno, timu imeshaandika ni moyo kushindwa kazi, wewe ukarudi kitandani, ukauliza upya dawa anazomeza, ukakuta haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayoweza kushusha sodiamu, iliyoanzishwa wiki mbili nyuma. Halafu inakulinganisha na wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha. Ulinganisho huo ndio wanaoutafuta.

Bingwa hawezi kumwandikia hivyo mtu aliyesimama pembeni akitazama. Kwa hiyo tafuta elektivu (wiki za mafunzo ya kuchagua mwenyewe hospitalini) ya kushika wagonjwa ukiwa bado mwanafunzi. Ukishahitimu, hospitali nyingi zitakupa nafasi ya kutazama tu. Ukiomba barua, uliza waziwazi kama anaweza kukuandikia barua nzito. Akisita, mshukuru, nenda kwa mwingine. Na saini kwamba hutaisoma, maana barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki sana. Kila programu hupokea zisizozidi nne, na baadhi hutaka moja itoke kwa mkuu wa idara ya medisin.

Utafiti nao: kazi moja uliyoishika tangu swali hadi jarida, ukiwa mwandishi wa kwanza, inashinda ripoti sita za mgonjwa mmoja mmoja. Kwenye usaili utaulizwa kwa nini mlitumia kipimo kile, na wagonjwa wangapi walipotea katikati. Ukibabaika, itajulikana jina lako lilipachikwa tu. Usidharau cha nyumbani: hapo Muhimbili kuna kundi la wagonjwa wa selimundu wanaofuatiliwa tangu 2004, hazina ambayo vyuo vingi vikubwa vya huku havina. Kabishe hodi mwezi huu, uombe hata kazi ya kusafisha data.

Kisha fungua ukurasa wa kila programu, uhesabu marezidenti wa miaka yote mitatu waliosoma nje ya Marekani, na uangalie visa wanayotoa. Ukikuta sifuri, iache, hata jina likuvutie vipi. Kwenye ombi kuna pia ishara, za kuzijulisha programu chache kwamba unazitaka zaidi, na ya dhahabu ina uzito kuliko ya fedha. Msimu wa 2025 medisin iliruhusu ishara 3 za dhahabu na 12 za fedha. Mwenye kuzimaliza zote kwa vyuo vya majina makubwa huishia bila usaili. Gawa: chache za juu, nyingi kwa hospitali za vyuo zinazochukua watu kama wewe. Kuhusu visa, J-1 (ya mafunzo) itahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani, na H-1B (ya kazi) itahitaji Step 3 kabla.

Nitumie CV yako kama ilivyo, pamoja na majina ya mabingwa watatu waliokuona wodini kwa zaidi ya wiki mbili. Wasipofika watatu, tutaanzia hapo.

Kaka yako