Tusilipie mfumo ambao ufunguo wake unabaki kwa mwanakandarasi

Mhariri,

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyofichuka Machi 2025 ilikuwa na jambo ambalo wengi walilipita haraka, wakaishia kwenye gharama ya mfumo, Sh104.8 bilioni. Mkaguzi alisema kwamba mfumo wa kidijitali unaoendesha bima ya afya chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Kenya, si mali ya serikali. Umiliki wake, sehemu zake na hakimiliki zake haviko mikononi mwa aliyeununua, ilhali gharama yake inatarajiwa kutoka, pamoja na kwingineko, kwenye asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Wizara ilijitetea kwamba inalipia huduma kadiri inavyotumika na kwamba haikutoa mtaji wowote. Mabilioni yalizua kelele, lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni hilo la umiliki, kwa sababu nililiona kwa macho yangu, kwa kiwango kidogo, nilipokuwa msimamizi wa mapato katika kaunti moja ambayo sitaitaja.

Kaunti hiyo iliagiza mfumo wa kukusanya ada za soko, maegesho na leseni za biashara. Mwanakandarasi aliuleta pamoja na mashine za mkononi za kukatia risiti, na kwa miaka mitatu kazi ilikwenda vizuri, sikatai. Hata ule wizi wa vitabu vya risiti ulipungua. Kandarasi ilipofika ukingoni mwisho wa Juni, na mazungumzo ya kuirefusha yakakwama kwenye bei, asubuhi ya Julai mosi mashine zote ziliwaka zikidai nenosiri ambalo hakuna mtu wa kaunti aliyelijua. Tulirudi stoo tukafukua vitabu vya zamani na karatasi za kaboni. Tulipoomba rekodi za miaka mitatu tuliletewa maboksi ya karatasi zilizochapishwa, tukaambiwa kwamba mkataba uliahidi "ripoti" na ripoti ndizo hizo.

Simsahau mama mmoja muuza mitumba aliyekuja dirishani kwangu na risiti ya leseni aliyoilipia Januari. Ilikuwa ya zile karatasi laini zinazochapwa kwa joto, naye alikuwa ameitunza ndani ya kibeti kwa miezi sita, imekunjwa mara nne. Nilipoikunjua ilikuwa nyeupe pe, wino wote umepauka. Kwenye mfumo hatukuweza kuingia na kwenye karatasi hapakuwa na herufi hata moja ya kunisaidia kumtetea. Alilipa mara ya pili. Mwanakandarasi hakuvunja kifungu chochote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwani mkataba ulimruhusu na sahihi ya kaunti ilikuwa pale chini.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria yetu imeelekea upande wa mnunuzi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika sehemu ya 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Kwa hiyo ofisi ya umma inayoagiza programu iundwe upya kwa mahitaji yake haihitaji kuomba umiliki kama fadhila, bali umiliki huo huupoteza kwa kutia sahihi karatasi inayouondoa. Nimesoma mikataba kadhaa ya aina hii katika utumishi wangu, na mara nyingi kifungu cha kuuondoa kilikuwa sentensi mbili tu katika kurasa za mwisho, baada ya jedwali la malipo, mahali ambapo msomaji ameshachoka na waziri wa kaunti anangoja picha ya kupeana mikono.

Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, huanza kabla ya sahihi. Tunanunua programu kwa mtindo ule ule wa kununua madawati, yaani tunaandika vipimo vyote mwanzoni, tunatangaza zabuni, tunampa kazi yule mwenye bei ya chini aliyetimiza vigezo, kisha tunangoja gari la mizigo. Dawati halibadiliki baada ya kupimwa. Programu ya kukusanya ada hubadilika kila Sheria ya Fedha ya kaunti inapopitishwa, na hubadilika zaidi karani wa soko anapoishika kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba aliyeandika vipimo hajawahi kusimama sokoni saa kumi na moja alfajiri wakati malori ya nyanya yanashusha. Kila badiliko la namna hiyo, kwa kuwa halikuwa kwenye vipimo, linakuja na ankara yake, na mwenye msimbo chanzo, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, ndiye peke yake anayeweza kulifanya, kwa hiyo bei anaipanga yeye.

Ukubwa wa kandarasi nao ni sehemu ya tatizo. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini waulizeni vijana waliosomea uundaji programu wamewahi kupata nini kwenye mgao huo: viti, karatasi, maji ya chupa. Zabuni ya mfumo inapotaka mauzo ya mamia ya milioni kwa mwaka na mradi mwingine wa ukubwa huo huo, kampuni ya watu sita haivuki hata ukurasa wa kwanza. Kazi hiyo hiyo ikikatwa vipande, leo maegesho, baada ya miezi minne ada za soko, kila kipande kikilipiwa baada ya makarani kukitumia na kuridhika, kampuni hizo zingeingia, na kipande kikiharibika hasara ingekuwa ya kipande.

Nitaambiwa kwamba kaunti haina wataalamu wa kusimamia kazi ya namna hiyo, kwani mwanaprogramu hodari hakai kwa mshahara wa kaunti. Kuna ukweli hapo. Lakini majirani zetu Tanzania walikabiliwa na hali kama hiyo, na mwaka 2023 walianza kuuacha mfumo wao wa zabuni wa TANePS na kuingia NeST, uliojengwa na wataalamu wao wa ndani. Sisemi kila kaunti ijenge kila kitu yenyewe. Nasema kila kaunti iwe na watu wawili au watatu wa kudumu wanaoweza kusoma msimbo na kumwambia mwanakandarasi kwamba hiki hatukipokei. Mishahara ya watu hao kwa mwaka mzima ni midogo kuliko ankara moja ya "mabadiliko" niliyowahi kuipitisha mezani pangu.

Ombi langu kwa mabunge ya kaunti, ambayo hupitisha bajeti hizi, ni dogo na linaweza kuandikwa kwenye hati ya zabuni kesho. Msimbo chanzo uwekwe kwenye hifadhi inayomilikiwa na kaunti tangu wiki ya kwanza ya kazi, na nakala ya hifadhidata vivyo hivyo. Kisha, kabla ya malipo ya mwisho, aletwe mwanaprogramu asiyehusiana na mwanakandarasi, apewe msimbo huo, maelezo yake na seva tupu ya kaunti, bila ruhusa ya kumpigia mtu simu. Akiweza kuusimamisha mfumo na kutoa risiti ya muuza mitumba mmoja wa miaka miwili iliyopita, mwanakandarasi alipwe siku hiyo hiyo. Akishindwa, pesa zibaki kaunti mpaka aweze.

Msimamizi mstaafu wa mapato,
Voi