Mada ya Alhamisi: Mizizi ya Kiingereza ya Katiba ya Marekani

Ndugu wanakikundi,

Alhamisi tutajadili Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, nami ninaomba tuanzie Uingereza, katika Hati ya Haki ya mwaka 1689, iliyopitishwa na Bunge baada ya Mfalme James wa Pili kukimbilia Ufaransa. Hati hiyo ilikataza dhamana na faini zinazopita kiasi, pamoja na adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Miaka 102 baadaye, mwaka 1791, maneno hayo yaliidhinishwa, karibu neno kwa neno, kuwa Rekebisho la Nane la Katiba ya Marekani. Kwangu huu ni ushahidi wa wazi kabisa kwamba walowezi wa Marekani waliomwasi mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, walidai haki walizoamini kuwa ni zao tangu zamani. Kwa mwanafalsafa Mwingereza John Locke walichota wazo la ridhaa ya watawaliwa, na kwa mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu, aliyeitazama Uingereza yenyewe, mgawanyo wa mamlaka. Ridhaa hiyo, na hili tusilipite kimya, haikuombwa kwa watu waliokuwa utumwani.

Tafadhali someni Hati ya 1689 na marekebisho kumi ya kwanza kabla ya kikao.