Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wigi la mgonjwa si urembo

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, Dar es Salaam, mke wa mwalimu, na bima yangu ni ya utegemezi kupitia kwake. Kadi hiyo haikunitupa. Ililipia upasuaji wa saratani ya titi, vipimo, na dripu zote sita za dawa. Nashukuru, wala sijaja kulalamikia dripu.

Nimekuja na habari ya wigi.

Ile dawa nyekundu kama juisi ya rozela niliwekewa Jumatatu. Wiki ya tatu nikiwa naoga, nikaona maji yanajaa miguuni. Kumbe nywele zangu zimeziba tundu la bafu. Daktari akaniandikia kikaratasi kwamba nahitaji nywele bandia kipindi cha matibabu. Dada wa dirisha la bima alikisoma, akanirudishia kwa upole tu: "Mama, huu ni urembo, haumo kwenye kitita," yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima. Kadi hiyohiyo, mwaka mmoja nyuma, ilimpatia mama mkwe wangu miwani.

Basi nikaenda Kariakoo kwa fedha yangu. Hapo, Mheshimiwa, ndipo cherehani iliponifungua macho. Wigi la dukani limeshonwa kwa ajili ya mwanamke mwenye nywele. Ndani lina vichanio vidogo vya kung'ata nywele zilizosukwa twende kilioni, na mishono yake ni ya nailoni ngumu. Kwenye kipara vichanio havina cha kung'ata, na ngozi iliyopitiwa na dawa ni kama ya mtoto mchanga. Ndani ya daladala, dirisha wazi, upepo ukaligeuza likanijia sikioni, huku mshono unanikwaruza utosi. Nilifika nyumbani nimelishikilia kwa mkono. Usiku nikalifumua, nikang'oa vichanio, nikatia bitana ya pamba na lastiki laini kisogoni. Likatulia. Tangu hapo nimewashonea wenzangu kumi na mmoja wa kliniki.

Wapo wanaotuambia tujifunge kilemba tu. Wana nia njema. Mwenzangu mmoja, mkaanga samaki wa soko la Feri, alijifunga. Upepo wa bahari ukamvua mara moja. Kesho yake wateja wananong'ona kwamba ana ngoma, yaani UKIMWI, na sinia la samaki likalala limejaa. Asipouza, nauli ya kurudi kwenye dripu ataitoa wapi?

Ufaransa, mwaka 2019, bima ya taifa ilianza kumlipia mgonjwa wigi la kitabibu la daraja la kwanza, yaani la nyuzi za kiwandani, lisilozidi yuro 350, bila yeye kuongeza senti. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lina sheria inayozibana bima zichangie wigi la mgonjwa wa saratani. Najua mfuko wao si wetu. Najua pia wako wasio na kadi kabisa, wanaouza shamba wapate dripu moja. Hao watangulie mbele yangu, sina ugomvi.

Ila tangu ipite Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, neno kitita liko midomoni mwa kila mtu, nami naomba mstari mmoja tu ndani yake: wigi la nyuzi za kiwandani, moja kwa kila awamu ya matibabu, kwa maandishi ya daktari wa saratani, na bei iwekewe ukomo. Yale ya nywele za binadamu, yenye bei ya kukaribia pikipiki, hatuyadai. Na bitana mafundi wa hapahapa tutashona. Robo mita ya pamba inatosha vichwa viwili.

Lile wigi langu la kwanza bado ninalo. Wataalamu wako wakiniita Dodoma nitakuja nalo, walipindue wenyewe waone nilipofumua.

Wako mtiifu,
Fundi wa Mbagala