Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mke wa mtu naye apewe dawa kinga

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni kungwi, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Nimefunda mabinti kuanzia ngoma za uani hadi kichen pati za ukumbini. Tunamfunda mwali mapishi, usafi, mambo ya chumbani. Ila neno moja, "mume wangu, leo tutumie mpira", hatujui tulifundisheje. Likitoka mdomoni mwa mke linageuka mashtaka: "Huniamini? Au wewe ndiye unayetoka nje?" Akikataa kabisa, hana pa kukimbilia: Kanuni ya Adhabu inahesabu kubakwa na mume kwa mke aliyetengana naye tu.

Mwaka jana mwali wangu mmoja alinijia asubuhi na mapema, macho yamevimba. Alishajua mumewe ana mwanamke mwingine. Nikampeleka kituo cha afya kuomba dawa kinga, vile vidonge anavyomeza kila siku mtu asiye na virusi vya ukimwi ili asiambukizwe. Muuguzi akamuuliza mbele ya foleni anafanya biashara gani. Akajibu anauza vitumbua. Akaambiwa dawa hizo zina walengwa wake, kama wanaouza miili.

Alizipata kwingine. Kopo lake lilifanana na la ARV, na kila akiligusa vidonge vinacheza. Akalijaza pamba, akalifukia kwenye ndoo ya unga. Kila usiku mume akiingia kuoga, yeye mkono ndani ya unga mpaka kiwiko. Mwezi wa tatu mume alilikuta, akatangaza uani kwamba mkewe ana ukimwi. Nilikwenda kusuluhisha nikiwa na majibu ya vipimo vya binti mkononi: hana virusi. Hakuna aliyetaka kuyasoma.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake na asilimia 3.0 ya wanaume. Katika hao wanawake wamo wake za watu, waliotulia majumbani mwao, nami baadhi yao niliwafunda mwenyewe.

Naomba dawa kinga itolewe kliniki ya mama na mtoto, kwa mke yeyote atakayeiomba, bila kuulizwa biashara yake. Kule anakwenda na mtoto mgongoni na hakuna mume atakayehoji. Vidonge viwekwe kwenye pakiti isiyopiga kelele wala kufanana na ya ARV.

Ipo pia sindano ya lenacapavir, inayochomwa kila baada ya miezi 6. Katika utafiti uliotangazwa 2024, wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 wa Afrika Kusini na Uganda walichomwa sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano haifichwi kwenye unga. Nayo ifike kliniki hizohizo, Mheshimiwa, isiishie kwa makundi maalumu.

Jumamosi ijayo namfunda binti wa Kurasini. Nataka nimtajie kliniki ya kwenda.

Wako,
Kungwi wa Mbagala